Ukurasa Uliosainiwa na Maprofesa Watano

Nilijifunza hesabu peke yangu, na nilijifunza kwa hofu. Sikuingia chuo. Nilikuwa na silabusi moja tu, rundo la fotokopi ambalo maprofesa wa kwetu huwauzia wanafunzi badala ya kitabu, nayo ilikuwa imepoteza jalada. Iliandikwa kwa mkono, herufi zimesimama wima kana kwamba zinakaguliwa. Niliinakili yote. Nikikosea herufi moja, nilichana karatasi na kuanza upya. Ndivyo nilivyo, sijivunii.

Ukurasa wa sitini na moja ulinikwamisha. Ulidai kwamba ukijumlisha namba zinazozidi kupungua kuelekea sifuri, jumla lazima ifike mahali isimame. Uthibitisho wake ulikuwa neno moja la Kifaransa, "évidemment", yaani ni wazi. Kwangu haikuwa wazi. Nilijumlisha nusu, theluthi, robo, na kuendelea. Nilizigawa katika mafungu, kila fungu likanipa nusu au zaidi, na mafungu hayaishi. Jumla ilikataa kusimama. Nikajiita mjinga, na kwa mwaka mzima sikusonga mbele. Niliamua kumtafuta mwandishi aniambie nani kakosea. Kama ni mimi, ningeacha hesabu kabisa.

Nilianzia kwa mwenye mashine ya fotokopi karibu na chuo.

"Silabusi hii ni ya nani?"

"Hii? Iko ya bantu batano."

Akanishushia nakala tano kutoka rafu. Majalada matano, majina matano, kila jina limevalishwa vyeo. Ndani, mwandiko uleule, doa lilelile la wino, na "évidemment" ileile.

"Kila profesa mupya anakuyaka na jalada yake," akacheka. "Mu ndani hakuna mwenye anagusaka."

Watu watano walikuwa wamesimama mbele ya ubao na kufundisha ukurasa ule, wala hakuna hata mmoja aliyejisumbua kujumlisha nusu na theluthi. Niliwadharau kwa raha ambayo sijawahi kuipata kanisani. Lakini nakiri: hofu haikuondoka. Sauti moja ndani yangu iliendelea kusema kwamba wenye vyeo watano hawawezi kukosea wote, mimi peke yangu niwe sahihi.

Mwenye mashine aliujua mwandiko. Papa mmoja, mzee wa mtaa wa Hewa Bora, mwalimu wa sekondari, alikuwa akimletea mitihani iliyoandikwa kwa mkono huohuo.

Nilimkuta uani kwake akisahihisha kazi za wanafunzi, suruali imekunjwa, miguu ndani ya beseni la maji. Huyu ndiye niliyekuwa nikimwogopa!

"Papa, samahani. Mwandiko huu ni wako?"

"Eh! Hii karatasi iko inatembea mpaka sasa?"

Alikuwa mwanafunzi wakati ule, akaeleza. Profesa alisoma, wao wakaandika, na yeye mwenye mkono mzuri akanakili kwa ajili ya wote. Kisha profesa akaenda Sakania, mpakani, kufanya biashara ya unga, masomo yakabaki na shimo.

"Benzangu banasema, jaza tu. Nikajaza."

"Na hii 'évidemment'?"

"Mutoto wangu, ile neno unaandikaka wakati haujue."

Nikamwonyesha mafungu yangu. Alisoma polepole, midomo ikihesabu.

"Uko na haki. Miye njo nilikosea."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja saa. Nilitegemea furaha, ikaja hasira. Mwaka wangu mzima ulikuwa umeliwa na kijana aliyejaza nafasi!

"Mbona hukusahihisha, papa?"

"Nani aliniuliza? Maprofesa batano, wanafunzi hesabu yabo hata sijue. Weye njo wa kwanza."

Nami nilikuwa nimenyamaza mwaka mzima nikiwa na uthibitisho mkononi, kwa sababu kuuliza kungeonyesha kwamba sijui.

Akanisogezea kiti kwa mguu uliolowa.

"Ikala. Profesa alimaliza wiki mbili kule Sakania. Chapitre yenye inafuata nayo niliandika miye."

Nikaketi, nikafungua sura hiyo, nikaanza kutafuta makosa yake.