Kwa Nini Dada Yangu Hurusha Kushoto

Timu yangu ya mpira wa kikapu ya Marekani ni mbovu, na mimi ndiye shabiki wake wa pekee hapa Kaloleni, labda Voi nzima. Wengine wanashabikia mabingwa. Mwaka huu mabingwa wakiwa hawa, wote ni wa hawa. Mwakani wakiwa wale, wanahama bila aibu. Mimi nilichagua timu yangu nikiwa darasa la saba kwa sababu nilipenda rangi ya jezi, na sijui watu huwa wanahamaje. Mechi zao zinachezwa sisi tukiwa tumelala. Nikiamka kuchemsha chai nachukua simu ya Mama, natazama matokeo, tumeshindwa, natia majani.

Nina daftari la maoni. Kwa mfano nahodha wetu: anarusha sana. Anarusha hata mwenzake akiwa peke yake chini ya ringi, akimpungia mikono kama mtu anayesimamisha lori. Kuhusu vijana wanaongojwa kuingia ligi ile msimu ujao nina maoni makali zaidi. Yule anayesifiwa na kila mtu, mimi simwamini. Anadunda mpira mpaka wenzake wanasahau kwamba wako kazini. Mimi ningemchukua yule mrefu wa miguu mizito asiyecheka. Mtu asiyecheka anadaka ribaundi, ile mipira inayogonga ringi ikarudi. Haya yote nayajua, na sijawahi kuyasema kwa sauti mbele ya zaidi ya mtu mmoja. Darasani mwalimu akiniuliza swali, hata jibu likiwa sahihi, naliandika kwenye daftari mpaka anamgeukia mwingine.

Huyo mtu mmoja ni dada yangu. Amenipita miaka miwili, alimaliza kidato cha nne mwaka jana, na hajali timu yoyote ya Marekani. Yeye anacheza. Ana kimo cha wajomba zetu wa Chawia, wale wanaoinama wakiingia jikoni, na ana mkono ambao kila mtu huku anausifu. Hata baada ya kumaliza shule aliendelea kufanya mazoezi na timu yetu ya shule jioni, maana mwalimu wa michezo hakutaka kuona mkono kama ule unakaa bure.

Uwanja wetu ni sakafu ya simiti karibu na ua, na ringi moja. Ya pili ililiwa na kutu ikaanguka kabla sijajiunga na shule, kwa hivyo tunacheza watatu kwa watatu, na kila mtu anarusha kwenye ringi ileile. Asubuhi huwa kumetulia, lakini asubuhi tuko darasani. Ikifika saa kumi jioni upepo unaanza kutoka upande wa Mombasa, hauna mlima wala mti wa kuuzuia, unabeba vumbi jekundu na kukata uwanja kutoka kushoto kwenda kulia. Ukilenga ringi, mpira unaenda kugonga choo cha walimu. Kwa hivyo kila mgeni wa kidato cha kwanza anafundishwa siku ya kwanza: usilenge ringi, lenga dirisha la maabara. Liko nyuma ya ubao wa ringi, kushoto kidogo. Upepo utamaliza kazi. "Dirishani! Dirishani!" ndivyo tunavyopiga kelele mtu wetu akishika mpira, na wageni wanatuangalia kama wendawazimu.

Shule nyingine zikija kwetu zinalenga ringi, zinashindwa, zinarudi kwao zikilaumu vumbi. Sisi tukienda kwao tunashindwa pia. Mwalimu anasema ni uchovu wa safari. Mama anasema ni chakula cha watu.

Mimi nilikuwa naandika kila mpira ambao dada yangu anarusha, vile tu ninavyowaandika Wamarekani. Mwaka jana nikaona kitu. Ugenini hakosi ovyo ovyo. Anakosa upande mmoja. Kushoto, kushoto, kushoto. Niliandika: "Dada analenga dirisha ambalo halipo."

Nilikaa na sentensi hiyo wiki nzima. Halafu nikamwambia, siku moja tukifua.

"Ukicheza ugenini, nafikiri bado unarusha kama kuna upepo."

"Nani amekuambia?"

"Nimeandika."

"Wewe! Wewe ambaye mpira ukikujia unafunga macho?" Akanirushia povu usoni. "Kaa na Wamarekani wako, kocha."

Nilicheka, nikaendelea kusugua kola. Sikurudia tena.

Mwaka huu mwalimu wa michezo alimrekodi akifanya mazoezi, akaituma video hiyo kwa timu moja ya wanawake ya Nairobi. Ni timu inayolipa wachezaji: asubuhi wanapewa kazi ya ofisi, jioni wanacheza. Kwenye video dada yangu harushi, anapanda mbegu. Kila mpira unaingia. Nyuma yake sketi za mashabiki zinapepea zote upande mmoja, lakini nani angetazama sketi? Wakapiga simu. Aje Jumamosi kwa majaribio.

Timu hiyo naijua. Maoni yangu ni kwamba wanaocheza mbali na ringi ni wepesi sana lakini chini ya ringi hawana mtu, na kwa kweli walimhitaji dada yangu kuliko yeye alivyowahitaji. Nilimwambia hivyo, na hilo alilipenda.

Mama naye alisema neno lake. Mama anauza tikiti maji na vitunguu kando ya barabara kule Miasenyi, na mgongo wake umeanza kukataa magunia.

"Wakikuchukua, nenda, Mungu akubariki. Wasipokuchukua, Jumatatu ya pili unakuja na mimi. Sitaki kukaa tena mwaka nikingoja mpira."

"Sawa, Mama."

"Na msichana haendi Nairobi peke yake." Akanigeukia. "Nenda naye. Si wewe ndiye unayewajua hao watu?"

Jumamosi, kule Nairobi, ukumbi wa majaribio ulikuwa na paa. Madirisha yalikuwa juu kabisa, yamefungwa, na wavu wa ringi ulikuwa umening'inia bila kutikisika. Kwanza makocha waliwakimbiza wasichana, wakawarukisha, na hapo dada yangu aliwashinda wote. Kocha, mama mmoja mnene mwenye filimbi, aliandika kitu halafu akapiga mstari chini yake. Halafu akasema, haya, sasa mnarusha.

Mpira wa kwanza wa dada yangu ulipita kushoto. Wa pili uligonga pembe ya ubao, kushoto. Wa tatu, kushoto. Urushaji wenyewe ulikuwa mzuri, mkono umenyooka, kila kitu kiko sawa, ila mpira ulikuwa unaenda Voi.

Nilikuwa nimekaa juu kwenye viti, begi lake mapajani. Neno moja tu. Ningesimama niseme neno moja. Chini kulikuwa na wasichana kama ishirini na makocha, na mimi nilishika zipu ya begi, nikaifungua, nikaifunga.

Walipopumzika kunywa maji ndipo niliposhuka. "Hakuna upepo," nikamwambia. "Lenga ringi yenyewe."

Alinitazama. Safari hii hakunirushia kitu. Aliniamini, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliporudi alisimama akaitazama ile ringi muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa mlango aliozoea si wa nyumba yake. Jicho lilitaka ringi, mkono ulitaka dirisha. Mmoja ukaenda kulia. Mmoja ukafika nusu. Mmoja haukugusa kitu chochote, na msichana mmoja akacheka kidogo halafu akajifanya anakohoa.

"Mrefu, usifikirie sana!" kocha akaita. Dada yangu, ambaye hajawahi kufikiria akirusha tangu aanze kucheza.

Mwishoni kocha alikuja tulipokuwa tumesimama.

"Miguu iko, moyo uko," alimwambia. "Lakini kwenye video ulikuwa mtu mwingine. Shida ni nini?"

Dada yangu aliangalia viatu vyake. Basi kocha akaniangalia mimi, kwa kuwa nilikuwa hapo. Daftari lilikuwa kwenye begi. Mle ndani mlikuwa na ringi moja, na upepo, na dirisha la maabara, mwaka mzima wa mipira, yote imeandikwa pamoja na tarehe. Kocha alikuwa anangoja kabisa, kalamu mkononi. Nikafungua mdomo.

"Shikamoo," nikasema.

Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

"Marahaba, mtoto mzuri," akasema. Akangoja kidogo tena. Halafu akaitwa upande wa pili, akaenda.

Kwenye treni ya kurudi dada yangu alitazama nje hadi Mtito. Halafu akauliza, bila kunigeukia, "Ulijua tangu lini?"

"Mwaka jana. Nilikuambia. Tulikuwa tunafua."

"Mara moja."

"Mara moja," nikasema.

Akala mkate wake wote, kisha akala na wangu, na sikumzuia.

Habari zilikuja Alhamisi kupitia mwalimu. Wamechukua wasichana wengine wawili, wanamshukuru kwa kuja. Jioni hiyo Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, akaniita, akapunguza sauti, ingawa nyumba yetu ni ya pazia na dada yangu alikuwa upande wa pili wa pazia hilo.

"Wewe unawajua wachezaji hata wa ng'ambo. Huwa unasema huyu anafaa, huyu hafai. Hebu niambie ukweli. Huyu wangu anaweza, au nimejidanganya?"

Sijawahi kuulizwa maoni na mtu anayeyahitaji. Upande wa pili kitanda kililia kidogo, kikanyamaza.

"Anaweza," nikasema. "Anajua kurusha penye upepo tu. Akipata mahali penye paa afanye mazoezi, hata miezi mitatu, watamtaka wao wenyewe."

Mama aliacha kumenya. Niliona ameniamini.

"Mahali hapo pako wapi?"

Nilifikiria Voi yote. Ukumbi wa kanisa, una viti na dari ya chini. Ule wa mikutano, hauna ringi, na kila Jumamosi una harusi. Ghala la mkonge. Nilifikiria hadi Wundanyi, hadi Taveta.

"Hakuna," nikasema.

"Basi." Hakusema kwa hasira. Akaongeza maji kwenye sufuria, akatia chumvi, akafunika.

Jumatatu waliondoka alfajiri kwenda Miasenyi. Dada yangu alivaa viatu vyake vya kuchezea, kwa sababu ndivyo viatu imara alivyo navyo, na alibeba magunia yote mawili ya vitunguu yeye mwenyewe hadi barabarani, Mama akimfuata nyuma mikono mitupu.