Upande wa Kushoto wa Gari la Tata

Harufu ya nta ya gari inafanana kidogo na mafuta ya taa na kidogo na mshumaa uliozimwa sasa hivi, na kwangu mimi haiji peke yake. Huja na harufu ya kahawa inayokauka kwenye maturubai uani, ule utamu uliochacha wa maganda mekundu yanapoanza kuwa meusi juani, na huja na vumbi. Kwetu, katika kijiji kilicho nje kidogo ya Nkwenda, kiangazi kilikuwa msimu wa vumbi jekundu lisilochagua pa kutua. Lilikaa juu ya majani ya migomba hadi kibanja chote, shamba letu la kuzunguka nyumba, kikaonekana kimezeeka, lilikaa juu ya mabati, lilikaa kwenye nyusi za watu waliotoka sokoni. Na kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijavuka kilima, Tata, kama tulivyomwita baba kwa lugha ya nyumbani, alitoka na ndoo zake ili kulitoa gari lake ndani ya vumbi hilo.

Lilikuwa gari dogo la rangi ya buluu iliyokolea, karibu na weusi, na lilipokuwa safi uliweza kuona mawingu yakipita juu ya boneti. Tata alikuwa ameendesha magari ya watu wengine miaka mingi kabla ya kupata lake, akalifanya teksi ya kubeba wafanyabiashara kati ya Nkwenda, mpaka wa Murongo na Kayanga. Barabara zote zilikuwa za vumbi na mawe, na magari ya wenzake yalizeeka upesi, rangi ikababuka na kutu ikaingia chini ya milango. La Tata lilikaa kama lilivyokuja. Abiria walilingoja hata kama mengine yalikuwa tayari, kwa sababu, walisema, mtu anayetunza rangi hivyo hawezi kusahau breki. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza, wadogo zangu walikuwa bado wa kubebwa, kwa hiyo nilikuwa mwenzake wa Jumamosi. Alinifundisha kwamba vumbi ni msasa: ukilifuta likiwa kavu, unaikwaruza rangi kwa mkono wako mwenyewe. Kwanza maji mengi ya kulitelezesha, kisha sabuni laini, na tunaanzia juu ya paa tukishuka, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya kufulia aliikataza kwa sababu inakula nta. Utomvu wa mgomba na kinyesi cha ndege havikuruhusiwa kulala juu ya rangi hata siku moja. Gari likishakauka ndipo alipofungua kopo la nta, akapaka kidogo kidogo kwa mduara, tukaisubiri igeuke nyeupe kama ukungu wa asubuhi bondeni, halafu tukaifuta kwa flana kuukuu mpaka nyuso zetu zikatokea mlangoni. Hatukuongea sana. Niliyapenda masaa yale kuliko kitu kingine chochote nyumbani.

Kiangazi ninachokikumbuka kilikuwa kikali kuliko vingine, na ndipo nilipoanza kuona mambo nisiyoyaelewa. Tata alipiga teke ndoo iliyokuwa kando ya mguu wake, akaitazama kama mtu aliyesogezewa kitu kwa hila. Wiki iliyofuata akaipiga teke tena. Alimaliza kufuta mlango, akasimama nyuma kuutazama, akaridhika, na mimi nikaona nta imebaki nyeupe pembezoni, kama ukurasa ulioandikwa katikati tu. Nilipoifuta bila kusema kitu, hakugundua. Kisha ikaja mikwaruzo. Wa kwanza ulikuwa mrefu, kuanzia kwenye taa ya mbele hadi mlango wa nyuma, na Tata alisema ni miti ya uzio pale alipogeuzia gari Murongo. Wa pili ulikuwa wa mbuzi. Wa tatu hakuutafutia sababu. Alikuwa na dawa ya kusugulia rangi, kama uji mzito wenye chembe laini ndani yake, na dawa ile, aliyokuwa akiigusa kwa nadra kwa sababu kila inapofuta mkwaruzo inaondoka na rangi pia, sasa aliitumia karibu kila Jumamosi. Aliitumia mapema, Mama akiwa bado kwenye mazoezi ya kwaya kanisani. Alisugua kwa nguvu, jasho likimdondoka puani, na Mama aliporudi gari lilikuwa linang'aa lote. Mikwaruzo yote ilikuwa upande wa kushoto. Niliuona ukweli huo kwa macho yangu kabla akili yangu haijajua la kuufanyia. Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua, lakini mtoto hajui kwamba anachokitazama ni maradhi. Nilidhani ni uzee, au uchovu, au labda Tata ameanza kunywa kama baadhi ya madereva wenzake, ingawa mdomo wake haukuwahi kunuka pombe.

Siku moja alinichukua kwenda Nyakakika, kwa bibi mzaa baba, kumpelekea sukari na dawa za miguu. Nilikaa kiti cha mbele, upande wa kushoto, nikijivuna. Kwenda hakukuwa na tatizo. Kurudi, jua lilikuwa mbele yetu na vumbi la lori lililotutangulia lilikuwa bado limening'inia hewani. Pembeni mwa barabara, upande wangu, alikuwa anatembea mtoto wa kike mwenye umri kama wangu, ana dumu la maji kichwani. Nilimwona tangu akiwa mbali. Nilingoja Tata asogeze gari kulia kidogo, kama alivyofanya siku zote akikuta watu. Hakusogeza. Nilimtazama usoni: macho yake yalikuwa wazi, yakiangalia mbele kwa utulivu kabisa, na hapo nikaelewa kwamba kwa Tata barabara ilikuwa tupu.

"Tata, mtoto," nilisema, kisha nikapaza sauti, "Tata, kuna mtoto."

Alikata usukani. Kioo cha pembeni kiligonga dumu, na yule msichana akaanguka mtaroni. Gari likasimama katikati ya barabara, vumbi letu wenyewe likatufunika. Tulimkuta ameketi kwenye majani, amelowa kuanzia kichwani hadi miguuni, hana jeraha zaidi ya kiwiko kilichochunika, na alikuwa akilia kwa sababu ya maji, kwamba itabidi arudi tena kisimani. Tata alimwinua, akamfuta kiwiko kwa leso yake, akamwomba radhi kama anavyoombwa mtu mzima. Tulimpeleka kisimani, tukamrudisha hadi kwao na dumu limejaa. Mama yake alitushukuru kwa lifti. Tata hakumweleza kitu, akarudi garini.

Tulipokaribia nyumbani, Tata akasema, "Nilimwona yule mtoto."

"Ndiyo, Tata," nikajibu.

Sijui kama alitaka nimwamini au alitaka tu kusikia jinsi maneno hayo yanavyosikika. Aliegesha gari, akatandika shuka kuukuu juu yake na turubai juu ya shuka, kama kawaida, ili turubai lisiikwaruze rangi, akaingia ndani akalala bila kula. Nami nilikwenda jikoni, ambako Mama alikuwa anamenya ndizi, nikaketi karibu naye na kisu cha pili. Nilimenya chache kwanza. Kisha nikamwambia yote: ndoo, nta ya pembezoni, dawa ya kusugulia, msichana mwenye dumu. Mama hakuacha kumenya. Mikono yake ilizidi kuwa ya polepole, mpaka ikasimama. "Umemwambia mtu mwingine?" akauliza. Nikasema hapana. "Msema kweli mpenzi wa Mungu," akasema, lakini kwa sauti ya mtu aliyefiwa, na nikajuta kwa nini macho yangu yanaona.

Asubuhi Tata alikuwa ameketi kwenye kibao nje, akiota jua. Mama alitoka na kikombe cha chai. Hakumpa kama siku zote. Alikwenda upande wake wa kushoto, akasimama karibu kabisa, akakinyoosha kikombe, akanyamaza. Mvuke wa chai ulikuwa unapanda karibu na sikio la Tata. Mimi nilikuwa mlangoni. Mama alisimama hivyo muda mrefu, mkono ukaanza kumchoka, na Tata akaendelea kutazama maturubai ya kahawa mbele yake, ametulia kama mtu aliye peke yake duniani.

"Chai yako, Baba Kemi," hatimaye akasema.

Tata akashtuka. Aligeuza kichwa chote, kama anavyogeuza kuku, hadi akakiona kikombe. Akamtazama Mama, kisha akanitazama mimi pale mlangoni. Hakuuliza nani amesema. Alipokea chai, akaiweka chini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona baba yangu amefunika uso kwa viganja.

Daktari wa macho hospitalini alieleza kwamba ni presha ya macho. Huanza kula pembezoni, taratibu, bila maumivu, hadi mtu anabaki anaitazama dunia kama kwa tundu la ufunguo, na tundu nalo huendelea kuziba. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Tata alimkabidhi Mama funguo za gari siku hiyohiyo, na Mama akazifunga kwenye pindo la kitenge chake. Abiria walikuja kuuliza, wakaambiwa dereva anaumwa, wakaondoka na magari mengine yaliyobabuka rangi.

Alichoendelea nacho ni kuliosha. Kila Jumamosi alitoka na ndoo zake, akaosha gari lisilokwenda popote, akalipaka nta, akalifunika. Lakini hakuniita tena. Hakunigombeza wala kunisema kwa neno baya, alinijibu salamu yangu kila asubuhi, akanilipia daftari za shule kama zamani. Hakuniita tu. Nilikaa jikoni nikisikia maji yakimiminika juu ya paa la gari, kisha kimya kile cha kungojea nta ikauke, ambamo tulizoea kungoja pamoja. Nilimlalamikia Mama. Akaniambia nimpe muda, kidonda cha mwanamume hakionyeshwi kikiwa kibichi. Kahawa ikaanuliwa ikauzwa, mvua zikaja, vumbi likawa tope, na Tata bado alikuwa anaosha peke yake, polepole zaidi, akipapasa kwa vidole kujua alipofika.

Mvua zilipokuwa zinakaribia kuisha, alipatikana mtu wa Bukoba wa kulinunua. Siku aliyotarajiwa kulichukua, Tata aliamka alfajiri. Nilisikia ndoo. Nilibaki ndani kama nilivyozoea, ndipo nikasikia jina langu.

"Kemi. Njoo uniambie palipobaki."

Nilitoka mbio, bila viatu. Alikuwa amesimama mbele ya boneti, flana mkononi, uso umeelekea mahali nisipokuwapo. Tulilizunguka gari pamoja. Mimi nilisema: hapa juu ya taa, Tata. Chini kidogo. Kulia. Hapo pametakata. Naye akafuata sauti yangu kwa mkono wake. Sikumwachia hata doa moja, na sikumdanganya kwa lolote, kwa sababu nilihisi kwamba ndicho alichokuwa ananiomba. Tulipofika upande wa kushoto, akaweka kiganja juu ya mlango, mahali aliposugua mara nyingi kiangazi kile, akakipitisha taratibu.

"Na hapa?"

Pale buluu ilikuwa imekwisha. Palibaki kijivu cha rangi ya chini, kipande kikubwa kama sahani.

"Hapo rangi imeisha, Tata."

"Nilijua," akasema. Kisha, akiondoa kiganja, "Ungeniambia vingine nisingekuamini tena."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, gizani kabisa miaka ya mwisho, akitembea kibanjani kwa fimbo na kwa kumbukumbu. Hakuwahi kunishukuru wala kunilaumu zaidi ya maneno yale, na tulimzika kati ya migomba yake bila mimi kujua kwa hakika lipi lilikuwa kubwa moyoni mwake. Leo kwetu ni wilaya inayojitegemea, Kyerwa, na ninaishi Kayanga, ambako vijana wenye mashine za maji huosha gari langu kwa povu wakati ninakunywa soda. Wanaharakisha, wanafuta vumbi likiwa bado kavu, na siwasemeshi. Gari kwangu ni chombo cha kunifikisha kazini, na likichakaa nitalibadilisha.

Ninachotunza ni kingine. Ugonjwa wa Tata hurithiwa, na mwaka juzi daktari aliniambia umenifikia. Tofauti ni kwamba umeonekana mapema, na kuna dawa ya matone, ambayo naitia kila jioni nikiwa nimelaza kichwa nyuma kwenye kochi. Haiponyi. Inachelewesha tu, na hakuna anayejua itachelewesha kwa muda gani. Binti yangu ndiye anayenishikia kichupa. Ana umri ule niliokuwa nao mimi, na jana nilimwambia kwamba siku akiona nimeanza kukosa vitu vilivyo kando yangu, asikae nalo moyoni, aniambie.

Alikifunga kichupa. "Na ukininunia, mama?"

"Nitakununia," nikamwambia. "Wewe sema tu."