Shimo la Nne Linapakana na Mtani

Kwenye uwanja wa gofu wa pwani nilikofanya kazi ya kuwabebea wachezaji fimbo mpaka nikastaafu, shimo la nne ndilo lililowatoa watu jasho. Ukisimama kupiga, bahari iko kulia kwako, na shimo lenyewe liko mbele, ng'ambo ya mkunjo wa ufuko. Njia fupi inakatiza juu ya maji. Njia ndefu inazunguka kushoto, nchi kavu. Wageni wote waliitaka fupi. Nami niliwaambia kila siku, kwa sauti ile ile, "Mzee, piga kushoto mara mbili, utafika. Baharini hakuna wa kukuokotea." Wachache walinisikiliza. Waliobaki waliwaachia samaki mipira yao, kisha wakalaumu upepo, na upepo ukitulia wakanilaumu mimi.

Niliporudi nyumbani Kitangari nilikuja na fimbo mbili zilizochakaa na mfuko wa mipira ya zamani. Mke wangu aliuchungulia ule mfuko, akauliza kama hivyo ndivyo vya kula uzeeni.

Mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, aliyenilea mpaka nikaota ndevu, nilimkuta amekaa. Tangu afiwe na mkewe alikuwa akikaa tu barazani, kutoka chai ya asubuhi mpaka ugali wa jioni, na miguu ilishaanza kukakamaa. Daktari alimwambia atembee. "Nitembee kwenda wapi?" alinijibu nilipomkumbusha. "Shamba unalima wewe, maji yanaletwa na bodaboda." Niliogopa, sitaficha. Nimeona wazee walioanza kwa kukaa hivyo wakaishia kitandani.

Ndiyo maana nikachimba mashimo shambani. Kabla korosho hazijaanza kudondoka tunapalilia na kufagia chini ya mikorosho mpaka panakuwa safi kama uani, ili korosho ionekane. Nikazika makopo ya nyanya kwenye hiyo ardhi iliyofagiwa, nikachomeka vijiti vyenye vipande vya khanga kuukuu, kisha nikamwita mjomba aje anicheke. Alikuja kucheka. Akajaribu kidogo, akakosa, akakasirika, na kesho yake akanitangulia shambani.

Nilimfundisha kama nilivyowafundisha wakubwa wa pwani. Shimo la kwanza linateremka, na ardhi iliyofagiwa haina majani ya kuuzuia mpira, kwa hiyo unapiga nusu ya nguvu zako na kuuacha ujipeleke. La pili linapita chini ya matawi yaliyoinama. Hapo unauburuza mpira, huuinui. Anayeuinua anarudishiwa miguuni. La tatu lina kichuguu katikati, nacho hakina ujanja, unakizunguka tu. Mwenda pole hajikwai.

La nne ndilo lenye bahari. Maji hatuna, hata ya kunywa tunayahangaikia, ila kulia kwake kuna shamba la jirani, na msimu wa korosho shamba la jirani ni bahari kamili. Huku kwetu hukanyagi chini ya mikorosho ya mtu wakati korosho zinaanguka, hata kama unamfuata mbuzi wako. Ukionekana umeinama tu, jina lako limeharibika. Mpira ukiingia kule, umekwenda.

Tungeweza kumwomba mwenyewe. Lakini jirani yule ni mama mjane, Mmakua wa Lupaso aliyeolewa huku, na mjomba ni Mmakonde, kwa hiyo ni watani. Hata kwenye msiba wa mke wa mjomba yule mama alimtania mpaka akacheka akiwa na machozi. "Nikamwombe mtani mpira?" mjomba alisema. "Atanisimanga mpaka mvua zinyeshe."

Basi aende kushoto! Hakwenda. Kila siku alisimama pale, akaitazama ile njia fupi, akapiga, na mpira ukaingia kwa jirani. Mfuko ukapungua. Kutoka Newala mpaka Masasi hakuna duka linalouza mpira wa gofu, nami nikawa naukagua mfuko kama mtu anayekagua ghala la mahindi njaa inakuja. Mwishowe ukabaki mpira mmoja, na huo nao aliupiga kulia.

Alisimama mpakani ameegemea fimbo. "Basi, mpwa wangu. Mchezo umekwisha." Akarudi barazani. Kesho yake hakuinuka pale, na keshokutwa yake vilevile.

Mimi sina mtani wa kumwogopa kwa kiasi hicho. Nikaenda kwa njia ya mbele, nikapiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo wezi wanabisha hodi?"

Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akakaa chini. Akanipeleka jikoni, akamwinua kuku kutoka kwenye kikapu. Chini yake kulikuwa na mipira yetu miwili. "Walikuwa wanatagia vichakani hawa," alisema. "Nikawawekea haya mayai yenu. Wakiona yai hapa, wanarudi kutaga hapa." Kila kikapu kilikuwa hivyo, na iliyobaki ilijaa ungo.

Nikanyoosha mkono. Akaupiga kofi.

"Wewe ndiye uliyeirusha?"

"Hapana. Mjomba."

"Basi aje mwenyewe. Nitampa mmoja. Akiurusha tena huku, aje tena. Nilimchekesha siku ya msiba, na tangu siku hiyo hajaja hata kuninunia."

Nikampelekea mjomba ujumbe, naye akawaka. "Mipira yangu inaatamiwa na kuku wa Kimakua! Nangu, mimi, siendi! Aniite mimi, mtu mzima? Siendi!" Maneno hayo yote aliyasema akitafuta viatu. Alirudi alasiri na mpira mmoja mfukoni, ameshiba ming'oko, vile viazi vya porini, anaimba chinichini. Nilifurahi mpaka nikaenda kujificha nyuma ya nyumba.

Jana tulifika tena shimo la nne. Nikamwambia kama ninavyomwambia siku zote, "Mjomba, kushoto mara mbili, utafika."

Alikubali kwa kichwa, kwa adabu kabisa. Akageuza miguu, akaielekeza fimbo kulia, katikati ya mikorosho ya jirani, akapiga. Wala hakuangalia mpira umeangukia wapi. Alinipa fimbo nimshikie, akaweka kofia yake vizuri, akaanza kutembea.