Taa Nyekundu ya Kanisani

Enzi zetu, kanisa letu la mawe kule Mbulumbulu halikuhitaji mlinzi. Lilijilinda lenyewe kwa kututisha. Kuta zake zilikuwa nene, ukikohoa mlangoni kikohozi kinakujibu kutoka altareni. Jua la saa tisa likipita kwenye vile vioo vya rangi lilimwaga wekundu juu ya kisima cha ubatizo, na sisi wadogo tuliamini ni damu. Kiti cha maungamo chenye pazia la zambarau hatukukipita ila kwa mbio. Mabenchi yalinukia nta na vumbi la ngano kutoka nguo za wazazi wetu.

Lakini hakuna kilichoniogopesha kama taa nyekundu iliyoning'inia kando ya tabernakulo, kile kijisanduku cha kuhifadhia Ekaristi. Katekista wetu, Mzee Tluway, alitufundisha: "Taa hii ikiwaka, Bwana yumo. Mkiikuta imezimika, hayumo." Kisha akaendelea na amri kumi. Mimi nilibaki palepale kwenye taa.

Jumamosi moja zamu ya usafi ilikuwa ya jumuiya yetu. Mama alikuwa amepelekwa zahanati kujifungua, nami niliambiwa nikafagie na nimwombee. Nilikuwa na miaka minane. Wenzangu walipokwenda kuchota maji, nilikung'uta kitambaa cha vumbi karibu mno na taa. Ikazimika.

Nikakimbia kufunga madirisha yote, kisha mlango mkubwa, nikauegemea kwa mgongo. Niliwaza kwamba Bwana bado hajafika mbali, labda yuko mnarani kwenye kengele. Nilimsihi kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili asitoke mpaka mama arudi.

Mzee Tluway alisukuma mlango kwa bega. "We binti, unafanya nini humu?"

"Namzuia Bwana asitoke, babu."

Hakucheka. Alichukua kiberiti kwenye chumba cha sakristia, akaiwasha taa. "Haya, yumo. Nenda nyumbani."

Mama alirudi Jumatatu bila mtoto. Hakuna aliyenieleza, maana enzi zile watoto hatukuelezwa kitu. Nilijieleza mwenyewe: Bwana alikuwa ameshatoka kabla sijafunga dirisha la mwisho.

Siku hizi kanisa lina vigae, spika, na taa nyekundu ya umeme. Vijana wanapiga selfi huku tabernakulo wameipa mgongo. Ukiwakanya utasikia, "Tulia basi, shangazi." Nawaonea wivu, kusema kweli.

Jumapili iliyopita umeme ulikatika katikati ya misa. Taa nyekundu ikazimika, kinanda kikanyamaza, kwaya ikaendelea kuimba tu. Mimi nilikuwa nimeshageuka kuangalia mlango. Mama, ambaye sasa ni mzee sana, akanishika kiganja.

"Umeme tu huo, mwanangu."

Nikaitikia kwa kichwa. Nina miaka hamsini na ushee, na bado sijathubutu kumwambia ni nani aliyeizima ile taa ya kwanza.