Mfilisti Aliyeomba Kushikiwa Zamu

Najua utasema nilikuwa nimechoka. Ndiyo, nilikuwa nimechoka; nani anayetunza wazee Birmingham ambaye hajachoka? Lakini uchovu haunywi chai ukaacha kikombe kitupu. Haya niliyaona kwa macho yangu, Rispa akiwa pamoja nami, na ningetoa chochote awepo hapa anisaidie kuyasimulia.

Rispa alikuwa rafiki yangu. Sote tunatoka Nakuru, ingawa tulikutana huku, kwenye nyumba ya wazee kule Kings Heath tulikofanya kazi. Kama una kazi kama yetu, unalijua neno "nishikie". Mtoto anaumwa, una mazishi, basi limekuacha: unampigia mwenzako, nishikie zamu. Rispa hakuwahi kumkatalia mtu. Mimi mwenyewe alinishikia mara nyingi mno, na sikumbuki hata siku moja aliyoniomba nimshikie yeye. Nilikuwa nikimtania, "Wewe hata shetani akikuomba umshikie, utauliza tu anaanza saa ngapi."

Kila Jumamosi tulikuwa tukisafisha kanisa. Ni jengo la zamani la Waingereza, huko Handsworth. Wanatuazima kwa ibada yetu ya Jumapili jioni, na sisi kina mama tunalifagia siku moja kabla. Ukutani kuna mchoro mkubwa wa rangi za mafuta, Samsoni akiwapiga Wafilisti kwa taya la punda. Unajua wachoraji wa zamani wa Ulaya walivyowapenda mashujaa wa Biblia. Samsoni ana nywele za dhahabu na misuli kama mbeba magunia, nguo karibu hana, na mawingu nyuma yake yamechafuka. Mfilisti mmoja ameshakufa. Wa pili yuko chini ya goti la Samsoni, bado hai, mkono wa kulia juu, anazuia pigo. Kwenye Biblia pigo linashuka na habari inaisha. Kwenye mchoro halishuki. Nilikuwa naupangusa vumbi haraka haraka, maana haukunipendeza hata kidogo.

Jumamosi moja ya Desemba, saa kumi alasiri na giza limeshaingia, tulimkuta mwanamume kwenye benchi la nyuma. Ndevu nyingi, shuka mwilini, anajikanda bega la kulia. Nilidhani ni mtu asiye na makao aliyeingia kukwepa baridi. Rispa alimmiminia chai kutoka kwenye chupa yetu, akamuuliza kwa Kiingereza ana shida gani. Akajibu kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kwetu Nakuru kabisa. Unadhani nilishtuka? Wala. Birmingham hii Kiswahili utakisikia hata kwenye basi la Soho Road, cha Kongo, cha Tanzania, cha kila aina.

"Ni bega, mama," alisema. "Kazi yangu ni ya kukaa na mkono juu. Miaka yote hii, off hakuna."

"Haiya! Na hakuna mtu wa kukushikia hiyo shift?" Rispa akamuuliza.

"Sijawahi kupata. Wewe ungeweza? Kidogo tu, ninyooshe mgongo."

"Kama ni kidogo, sawa tu," Rispa akasema. "Nitakushikia."

Kwa nini niligeuka kutazama ukuta? Sijui mpaka leo. Chini ya goti la Samsoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na udongo tu, umechorwa vizuri, na majani yake. Rispa naye alikuwa ameshaweka ufagio chini, anauelekea mchoro na glavu zake za njano za kusafishia, mkono wa kulia ukipanda wenyewe.

Nilimkamata kiunoni nikapiga kelele, "Rispa, mwambie huwezi! Sema huwezi!" Alinitazama kwa aibu, kama mtu anayelazimishwa kumtukana mgeni. Mwishowe akasema, "Pole, baba. Leo siwezi."

Yule mtu hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alimaliza chai, akaweka kikombe taratibu, akashukuru, akapita kando yetu. Nilifumba macho. Nilipofumbua, alikuwa mahali pake, mkono juu. Kikombe kilikuwa kwenye benchi, kitupu, bado kina joto.

Tulirudi kwa basi. Tulipokuwa tunaachana, Rispa alisema, "Lakini nimemwonea huruma. Uliliona lile bega?" Nilimgombeza. Nikamwapisha kwamba hataingia mle bila mimi.

Jumamosi iliyofuata, mwenzetu mmoja kazini aliniomba nimshikie zamu. Nilikubali kabla hata hajamaliza kuomba. Nilimtumia Rispa ujumbe: usiende, tutafagia pamoja kesho mchana. Hakujibu.

Rispa hajaonekana tena. Polisi walikuja, wakauliza maswali yao, wakachukua koti lake na mkoba wake vilivyokutwa kanisani. Mimi nilikuwa nimeshautazama ukuta. Chini ya goti la Samsoni kuna mtu, uso umefichwa na kivuli, na mkono ulioinuliwa umevaa glavu ya njano. Wenzangu wanasema ni vazi la vita la zamani, lilikuwepo siku zote. Niamini, mimi ndiye niliyekuwa naupangusa mchoro ule. Halikuwepo.

Mfilisti mwenyewe nimemwona mara moja, kituo cha basi cha Soho Road, amevaa jaketi jipya. Aliponitambua aliinamisha kichwa.

Sasa nafagia peke yangu. Nampangusa Rispa vumbi begani polepole, namwambia habari za kazini, kisha nakaa benchi la nyuma na chupa ya chai, nasubiri. Bado hajashuka. Namkumbuka sana.

Kwa hiyo nakuonya. Usikubali kumshikia mtu kazi kabla hajakuonyesha ni kazi gani. Na kama siku moja utaingia kanisa lile ukamkuta mwanamke mwenye glavu za njano anajikanda bega, mpe chai. Atakuomba kwa upole sana, nawe utataka kukubali. Mkatalie, kisha uniite. Zamu yake nitaishika mimi.