Nta ya Fundi Valerian

Miaka ile kujitegemea ulikuwa wimbo wa kila mtu. Uliimbwa redioni asubuhi, ukaandikwa kwenye ukuta wa shule, ukarudiwa mkutanoni jioni. Lakini akitokea mtu anayejitegemea kweli, hana mwajiri wala zamu kwenye shamba la kijiji, watu walimkodolea macho. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Valerian ilikuwa baiskeli yake.

Valerian alikuwa fundi wa redio. Alizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge, karibu na Korogwe. Baba yake alikuja kutoka Unyamwezi akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka nguvu zikamwishia, akazikwa palepale. Valerian mwenyewe alijifunza kazi kwenye karakana ya shamba. Bei ya mkonge ilipoanguka na watu wakapunguzwa, alitoka na bisibisi, koleo na chuma cha kulehemia, akapanga chumba mjini Korogwe na mkewe Efrazia, aliyekuwa akikaanga maandazi. Tangu hapo akawa mtu wa njiani: leo Kabuku, kesho Handeni, kesho kutwa Misima, sanduku la vyombo limefungwa nyuma ya baiskeli.

Huko Misima mwenyekiti alizoea kumwuliza, "Valerian, kijiji chako hasa ni kipi?"

"Kile ambacho redio yake imekufa, mzee."

Watu walicheka, naye akacheka nao. Akishapanda baiskeli, kicheko kilimwisha. Unyamwezi hakuwahi kufika, na kambi ni mali ya shamba. Hivi sasa kila mtu alikuwa ameandikishwa kijijini kwake, na yeye kilichomfungulia milango ya watu kilikuwa ubovu wa redio zao. Aliogopa siku ambayo ubovu ungekwisha.

Basi ndipo mwalimu Sadala, aliyefundisha kisomo cha watu wazima pale Misima, akamwomba jambo. Wanafunzi wake wameshajua kusoma, alisema, lakini hawana cha kusoma isipokuwa habari za pamba na vyoo. Kuna gazeti dogo la wasomaji wapya. Je, fundi hawezi kuandika namna ya kuitunza redio? Malipo yake ni kidogo, karibu na bure.

Valerian alikubali mara moja, maana maneno yalimkaa kifuani siku nyingi. Aliandika mezani kwa Efrazia, kati ya sinia na unga, sentensi fupifupi, akimsomea mkewe kila aliyoimaliza. Aliandika namna ya kusugua kutu ya mawe ya redio, yaani betri zake. Aliandika habari ya ule uzi unaovuta mshale kutoka stesheni hadi stesheni, ambao hukatika kuliko kitu kingine chochote, na dukani haupatikani. Yeye aliusokota kwa katani, urithi pekee alioupata shambani.

"Unakata tawi ulilokalia," Efrazia alimwambia. "Wakishajua yote, watakuitia nini?"

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa lake mwenyewe, limesemwa tu na mdomo mwingine. Alitafakari, kisha akaendelea kuandika. Alieleza kila kitu, akaacha kimoja: katani lazima ipakwe nta ya nyuki, la sivyo mvua ikija uzi hunyonya unyevu, hulegea, na mshale hausogei. Hilo hakuliandika. Vuli ikinyesha, wataniita, alijisemea.

Gazeti lilitoka kiangazi, siku chache kabla ya Ramadhani. Safari iliyofuata, Kabuku alipata redio mbili, Handeni moja. Misima walimsalimia kwa furaha, wakamwonyesha redio zinazoimba. Hakuna aliyemwita ndani. Alisimama njiani akishika usukani, akijifanya anakagua mnyororo.

"We Mnyamwezi! Unauza mnyororo au umepotea?"

Alikuwa Bibi Chausiku, mtani wake. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na bibi huyu hakumwacha apite bila kumchokoza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ingia uone kazi, ujue kwamba huna kazi."

Redio yake ilikuwa mezani imefunguliwa mgongo. Bibi alichukua gazeti, akaliweka mbali na macho, akasoma kwa kidole, neno baada ya neno: "Usi-vute kwa nguvu. Uzi una hasira." Akacheka. "Nilipofika hapa nikakusikia wewe kabisa. Mwaka jana sikujua hata herufi ya jina langu, leo nasoma porojo za Mnyamwezi!"

Valerian aliinama akautazama uzi. Umesokotwa vizuri, umezungushwa sawasawa, na mkavu. Vuli ikija, utalegea. Na nyumba zile nyingine zote, vilevile. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Lakini kidole cha bibi kilikuwa bado juu ya maneno yake, kikiyaamini, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Bibi," alisema, "kuna kitu sikukiandika." Akafungua sanduku, akatoa bonge la nta lililofungwa kitambaani, akaeleza yote, pamoja na sababu.

Bibi Chausiku aliliinua bonge, akalinusa. Kisha akapiga yowe la kuitia majirani. "Njooni! Nimekamata mwizi! Mtani katuibia nta!"

Walikuja, wakasikia, wakacheka, wengine wakanuna. Bibi akakata bonge vipande, akagawa. Nyumba ilipotulia alimgeukia.

"Mtani akikamatwa hulipa. Faini yako: Idi uje hapa na mkeo, mle."

"Na nisipokuta redio mbovu?"

"Kwani nimekuita kula au kulehemu?"

Valerian alirudi Korogwe na mfuko mtupu, na jambo hilo halikumkera kama alivyodhani. Usiotaka kumwacha ulikuwa ule mwaliko. Aliugeuza kichwani njia nzima, akiutafutia ubovu.

Idi iliandamana na mvua za kwanza. Walifika Misima matope magotini, Efrazia amebeba maandazi kichwani. Kila nyumba waliyopita redio ilikuwa ikisema, uzi umekaza. Hakuna aliyemhitaji.

Bibi Chausiku alitoka mlangoni, akamwamkua Efrazia kwa mikono miwili, kisha akaizunguka baiskeli na kutazama nyuma.

"Sanduku lako liko wapi?"

"Nimeliacha nyumbani, bibi."

"Basi leo ndiyo umefika," alisema, akawapisha waingie.