Wimbo wa Maksai Diwani

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimelala, nikujibu mapema: nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu, jua liko utosini, mkononi nina mfuko wa sare za kwaya. Tumboni nilikuwa na chai na chapati mbili, basi. Sina ugonjwa wa kuanguka, sijawahi kupandisha mashetani, na watu wa kwetu Nyansurura watakwambia mimi ni fundi cherehani tu, mwanamke asiyependa maneno mengi. Ninachokusimulia kilinipata mimi mwenyewe. Ukikataa kuamini sitakulaumu, maana hata mimi ningesimuliwa ningekataa.

Lakini inabidi nianze na ng'ombe.

Nyumbani tulikuwa na maksai mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Kaka yangu Marwa alimwita Diwani, kwa sababu alipenda kutangulia mbele ya wenzake, na akifungwa plau ndiye alikuwa wa kwanza kuchoka. Watu walicheka sana, hata diwani mwenyewe aliposikia alicheka. Marwa alimtungia wimbo. Kwetu si ajabu, vijana wakiwa malishoni kila mmoja humsifu ng'ombe wake. Wa Marwa ulikuwa nusu Kikurya, nusu Kiswahili, na mwisho wa kila mstari sauti ilipanda ghafla kama ya mtu anayeuliza swali. Alimuuliza Diwani, mvua ikija nani atakufunika? Halafu akalitaja jina langu la utotoni, ambalo sitalitamka hapa, kwamba huyo ndiye atakayekuletea jani la mgomba. Wimbo wenyewe haukutoka nje ya boma letu. Waliouimba duniani walikuwa yeye, mimi, na mama siku akiwa na furaha.

Nilipokuwa na miaka kumi, babu alifariki. Baba akasema Diwani atachinjwa msibani. Marwa hakubishana. Alimtoa zizini kukiwa bado giza, akamvusha mto, akaenda kumficha kwa mjomba. Nilijua kwa sababu nilimwona akipita, akaniwekea kidole mdomoni.

Asubuhi baba alituuliza wote. Nilipofikiwa mimi, alichuchumaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, kaka yako amempeleka wapi ng'ombe?" Nilionyesha kwa kidevu tu, upande wa mtoni.

Jioni tulikula nyama. Nami nilikula. Marwa aliporudi alikuta ngozi imewambwa chini kwa vigingi, ile yenye baka jeupe. Alitutazama mmoja mmoja, akachukua fimbo yake, akaondoka. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Tulisikia ameonekana Tarime mjini, kisha tukasikia yuko kwenye mashimo ya dhahabu, kisha hatukusikia kitu tena.

Unajua mama alifanya nini? Aliamua kwamba jirani yetu ndiye aliyemwambia baba. Aliacha kumsalimia yule mama. Wakikutana kisimani, mama anageuza uso. Miaka karibu ishirini! Baba alikufa na siri yake, nami nilikaa na yangu, nikashona nguo za watu, nikaolewa, nikazaa, na jirani akaendelea kununiwa kwa kosa langu.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Kanisa moja huko Matongo waliniagiza sare za kwaya. Nilipanda basi la asubuhi kutoka Mugumu, nikashuka, nikachukua bodaboda. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na tulipofika kwenye mteremko yule dereva akasema, "Dada, hapa tutaanguka wote na hizo nguo zako. Fuata njia hii ya miguu, kanisa liko mbele tu." Nikashuka, nikajitwika mfuko.

Njia inapita kati ya mashamba ya mihogo na vilima vya vifusi, mahali ambapo watu walichimba zamani wakahama, na majani yamefunika mashimo. Nilikuwa nikitazama chini ninapokanyaga. Ndipo nikausikia.

Mvua ikija, nani atakufunika?

Niamini, kichwa hakikupata hata nafasi ya kushangaa, maana mwili ulitangulia. Nilisikia manyoya ya ng'ombe yaliyolowa yakinichoma vigimbi vya miguu. Nilikuwa juu ya mgongo wa Diwani, tunavuka mto, mkono wa Marwa umenishika kifundo cha mguu nisianguke, na nilisikia harufu ya kwato, ya tope, na ya muhogo wa kuchoma aliouweka mfukoni. Niliona hata kifungo cha shati lake kilichoning'inia kwa uzi mmoja. Mambo ambayo sikujua kama bado ninayo! Halafu mto ukaondoka, nikamwona baba amechuchumaa, nikaona kidevu changu kinainuka. Umewahi kusikia wimbo ukakurudisha pale usipotaka? Basi zidisha hapo.

Nilipofuta macho nilimwona mwimbaji. Alikuwa mbele yangu kama hatua thelathini, amenipa mgongo, fimbo ameilaza mabegani na mikono ameining'iniza juu yake. Shati ni lile. Kisogo ni kile. Lakini kilichonitisha ni kitu kingine kabisa. Alikuwa kijana mdogo. Mimi nina mvi mbili tatu na watoto watatu, na kaka yangu mkubwa anatembea mbele yangu akiwa na miaka kumi na tisa.

Pembeni walikuwepo ng'ombe wanne waliofungwa kamba wakila majani. Alipowapita, wote wanne waliinua vichwa kwa pamoja wakamfuata kwa macho. Halafu akaja mwanamke na ndoo ya maji kichwani, anatokea mbele. Njia ni nyembamba, nikasema watapishana. Yule mama alipita palepale alipo kaka yangu, wala hakukwepa, akanifikia mimi akasema, "Habari za safari, dada?" 

Ningekimbia, si ndiyo? Nilitaka. Lakini wimbo ulifika kwenye jina langu, na alipolitaja, sauti yake ilikuwa na upole uleule wa zamani. Nikaita, "Marwa! Kaka!"

Wimbo ukakatika. Akasimama. Hakugeuka.

"Umekua," akasema.

Miaka yote nilikuwa nimepanga nitamwambia nini, na sasa nilipiga tu hatua moja kumwelekea.

"Usinipite," akasema tena. "Nifuate tu."

Akaanza kutembea, nami nikafuata. Nilipoharakisha hakusogea karibu, nilipopunguza hakuenda mbali. Tukaiacha njia ya kanisani, tukashuka bonde dogo, tukatokea kwenye boma lenye ua wa minyaa, nyumba ya bati na vibanda viwili vya nyasi. Akaingia penye uwazi wa ua. Nami nikaingia nyuma yake.

Ndani hakukuwa na kijana yeyote. Kulikuwa na bibi mmoja ameketi kwenye kigoda, anapepeta mtama. Na alikuwa anaimba wimbo huohuo.

Nikakaa chini na mfuko wangu.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuwa hivyo? Umeumwa na kitu?"

"Kijana aliyeingia sasa hivi yuko wapi?"

"Hapa hajaingia mtu. Niko peke yangu tangu asubuhi."

"Na huo wimbo, bibi? Umeutoa wapi?"

Aliweka ungo chini. Akainuka akaniletea maji kwenye kikombe, akasubiri nimalize yote. Jina lake ni Bibi Robi. Aliniambia kwamba miaka mingi nyuma, mvua zilipokataa na watu wengi wakajaa kwenye mashimo, alikuja kijana mgonjwa wa kifua kuomba mahali pa kulala. Alimpa kibanda kimoja. Alimpeleka zahanati, akampikia uji wa wimbi, lakini kifua hakikupona.

"Aliniambia anaitwa Chacha," bibi akasema. "Sasa mwanangu, ukienda huku ukaita Chacha, nusu ya kijiji itaitika. Nikamuuliza, mura, kijana wangu, kwenu wapi tuwape habari? Akanijibu, kwetu nilitoka vibaya, waache. Mwenyekiti wa kitongoji naye aliuliza, hakupata kitu. Alipokufa tulimzika pale nyuma, kama mtoto wa hapa. Sikuwa na jina lake la kweli. Nilichokuwa nacho ni wimbo, maana aliuimba kila siku, mpaka sauti ikaisha akawa anaupumua tu. Nikasema nisiuache, siku moja mwenyewe atapita."

Nililia. Sikulia vizuri kama watu wanavyolia msibani. Nililia kwa kukoroma, na kuku wakakimbia. Bibi akanishika bega akaendelea kuimba taratibu, labda alidhani utanituliza. Aliimba ule wa mvua, aliimba ule wa jani la mgomba. Halafu akaimba mistari ambayo sikuwahi kuisikia.

Diwani, usimnunie mtoto,
mtoto aliulizwa na mtu mzima.

"Hiyo aliiongeza akiwa hapa," bibi akasema. "Sikujua maana yake. Nilidhani Diwani ni mtu."

Kwa hiyo alijua. Alijuaje? Pengine alisoma usoni mwangu jioni ile, midomo yangu ikiwa na mafuta. Pengine baba alimwambia. Sijui, na sina wa kumuuliza. Ninachojua ni kwamba aliondoka akijua, akaugua akijua, na maneno aliyonitungia yalikuwa hayo.

Sare za kwaya zilifika jioni, zimelowa machozi kwenye kola moja. Sikuwaeleza kwa nini.

Nyumbani ilinichukua wiki nzima kumwambia mama. Nilimwambia yote, kuanzia kidevu. Mama hakunipiga wala hakupiga kelele. Alikaa siku mbili bila kugusa chakula nilichopika, na hizo siku mbili ziliniuma kuliko fimbo. Siku ya tatu alivaa kitenge chake kizuri, nikadhani anajiandaa kwa safari ya Matongo. Kumbe alikwenda kwa jirani. Alikaa huko tangu asubuhi mpaka jua linazama. Walichoongea hawajaniambia. Aliporudi akasema, "Sasa nipeleke kwa mwanangu."

Tulikwenda na baba mdogo pamoja na wazee wawili wa ukoo. Bibi Robi alitupokea mlangoni. Mama alimsalimia kwa heshima, lakini macho yake yalikuwa makavu, maana mama si mtu wa kuamini upesi. Akamuuliza, "Mguu wake wa kushoto ulikuwaje?"

"Kidole kidogo hakikuwa na ukucha," bibi akajibu. "Aliniambia alikanyagwa na ng'ombe, na kwamba yule ng'ombe aliona aibu kuliko yeye."

Hapo mama akapiga magoti, akaishika ile mikono miwili iliyomlisha mwanawe uji, akaikumbatia kifuani. Wazee walikubaliana Marwa asihamishwe. Walisema amelala kwa mtu aliyemtunza, na jina lake la kweli tukaliandika kwenye saruji ya kaburi. Mama na Bibi Robi sasa wanaitana dada. Kila baada ya mavuno mmoja humtembelea mwenzake, na wakikaa wawili utawasikia wanabishana mstari upi unatangulia.

Usifikiri mimi nilitoka salama kabisa. Mpaka leo wimbo ule ukianza, hata wakiuimba mama na Bibi Robi wakicheka, vigimbi vya miguu yangu vinalowa. Ninavipapasa, ni vikavu. Mume wangu ameshaziona nywele za miguu zimesimama, akaacha kunitania. Sijaweza kuuimba. Nikifika kwenye jina langu naacha, nasubiri kama kwamba zamu si yangu.

Na njiani simpiti mtu anayeimba. Awe mzee, awe mlevi, awe mtoto wa shule, nitatembea nyuma yake mpaka akate kona. Soko la Mugumu wananijua kwa kuchelewa.

Nawe ukisikia wimbo wa kwenu mahali ambapo hakuna mtu wa kwenu, tafadhali usitoe simu urekodi. Usimwite mwimbaji kwa hasira, usimzunguke kumtazama uso. Punguza mwendo umfuate. Na kama wewe ndiye mwenye boma, na kuna mgeni anaugua kwenye kibanda chako, na hataki kusema ametoka wapi, basi kaa karibu naye jioni akianza kuimba. Shika maneno yote, hata yale usiyoyaelewa. Yashike kama yalivyo, usiyatengeneze, kisha uwe unayaimba kwa sauti ukipepeta mtama wako, maana huwezi kujua ni nani anapita nje ya ua.